Saa ya Kwanza ya Risiva: Kuifunga Sebuleni Bila Kuiunguza

Risiva ikiletwa mezani kwangu imeungua, swali langu la kwanza ni hili: imefanya kazi kwa muda gani? Jibu ninalopewa mara nyingi linaniuma. "Fundi, ndiyo kwanza tuliiwasha." Mtu amedunduliza miezi, amekwenda hadi Kariakoo, amerudi Tanga na boksi mapajani kwenye basi, na chombo kimekufa kabla hakijaimba nusu saa. Ninatengeneza redio hapa Ngamiani tangu 1998, na kwa niliyoyaona, hatari kubwa ya risiva iko katika saa ile ya kwanza, pale mwenye nyumba ana hamu ya kusikia sauti na hana subira ya kusoma maandishi ya nyuma.

Mwezi uliopita nilimfungia dada yangu mkubwa risiva sebuleni kwake. Nitaeleza kazi ile kwa mpangilio nilioifuata, maana karibu kila kosa ninalolijua lilikuwa na nafasi ya kutokea siku hiyo.

Risiva ninayoizungumzia ni ile amplifaya ya sebuleni yenye matundu ya HDMI nyuma. Inapokea kutoka kwenye king'amuzi, deki au kompyuta, inapeleka picha kwenye TV na sauti kwenye spika tano na sabufa. Na sabufa hapa ni lile kasha moja la bezi tu. Najua kwetu neno hilo limekuwa jina la seti nzima, lakini ukifunga risiva ni lazima uzitofautishe.

Soma mgongo wa chombo kwanza

Ya dada ilikuwa mtumba wa Japani. Ni chombo kizuri, kizito, na ndani hakijachezewa. Nikaigeuza, nikasoma kibandiko karibu na waya wa umeme: AC 100V, 50/60Hz. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Shemeji alikuwa tayari ameshika plagi.

Hapa ndipo nyingi zinapofia. Japani wanatumia volti 100, Marekani na Kanada 120. Ndugu akikutumia chombo kutoka Muscat au Dubai huna shida hiyo, kule umeme ni kama wetu na plagi ni hizi hizi za miguu mitatu bapa. Lakini cha Japani au Marekani ukikichomeka moja kwa moja, kinakwenda. Wala usijidanganye kwamba "nachomeka tu, siwashi." Risiva nyingi zina transfoma ndogo ya kusubiria rimoti, inayofanya kazi muda wote plagi ikiwa ukutani. Hiyo ndiyo hufa mwanzo. Mara nyingi hutaona moshi wala kusikia mlio, chombo kinanyamaza tu.

Kuna risiva chache zenye swichi nyuma ya kuchagua 110 au 220. Kama yako inayo, iweke kwenye 220 kwa bisibisi plagi ikiwa nje. Kama haina, unahitaji transfoma ya kushushia umeme. Kile kibadilisha plagi cha elfu mbili tatu kinabadilisha umbo la miguu peke yake. Volti zinapita zilezile 230. Nimeshapokea vyombo vitatu vilivyouawa na kiplagi hicho.

Ukubwa wa transfoma unautafuta hivi: soma wati zilizoandikwa kwenye mgongo wa risiva, kisha nunua transfoma yenye uwezo wa mara mbili yake. Ya dada iliandikwa wati 260, nikamnunulisha ya 750, kwa kuwa namba zinazoandikwa kwenye transfoma za dukani mara nyingi zinatiwa chumvi. Ipime kwa mkono. Transfoma ya kweli ya wati 750 ni nzito, ina chuma na shaba ndani. Ukiinyanyua kwa vidole viwili kama boksi la biskuti, irudishe kwenye rafu. Ukifika nayo nyumbani, pima volti zinazotoka kwa mita kabla ya kuchomeka kitu. Mimi nilipata 108, nikaridhika.

Jambo moja zaidi kuhusu vile vya Marekani. Vingi vimeandikwa 60Hz peke yake, na umeme wetu ni wa Hezi 50. Hata ukishusha volti vizuri, transfoma yake ya ndani itachemka zaidi ya ilivyokusudiwa. Ukiwa na uchaguzi, chukua chenye 50/60 kwenye kibandiko.

Soketi, na ule mchezo wa kalamu

Plagi za Japani zina miguu miwili. Soketi zetu zina matundu matatu, na yale mawili ya chini yamezibwa kwa kifuniko kinachofunguka pale mguu wa ethi, yaani wa waya wa kwenda ardhini, unapoingia tundu la juu. Mtaani kila mtu anajua namna ya kukidanganya: unaingiza kalamu au kijiti kwenye tundu la ethi, kifuniko kinafunguka, unasukuma plagi ya miguu miwili. Nimewaona watoto wa darasa la tatu wakifanya hivyo, na kilichoshikwa siku hiyo kilikuwa bisibisi.

Naomba mchezo huu uishe nyumbani kwako. Kifuniko kile kimewekwa kwa ajili ya vidole vya watoto. Na plagi iliyolazimishwa haikai sawasawa: inashika kwa ncha, inapiga cheche, soketi inayeyuka taratibu nyuma ya kabati mahali ambapo hakuna anayeangalia. Funga plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi, au tumia kibadilisha plagi kizuri chenye mguu wa ethi. Chombo chenye waya wa nyuzi tatu, ethi yake ifungwe mahali pake. Kuna mafundi wanaokata ethi ili kuondoa mvumo kwenye spika. Mvumo utaondoka kweli, ila siku kutakapokuwa na hitilafu ndani, bati lote la risiva litakuwa na umeme, na mama anayefuta vumbi ndiye atakayekuwa njia ya kwenda ardhini.

Mvumo una dawa yake. Mara nyingi unaletwa na kebo ya dishi. Chomoa kebo ya dishi nyuma ya king'amuzi. Mvumo ukikata, umeshamjua mkosaji. Muite aliyefunga dishi aangalie ethi ya kule juu.

Fyuzi ikikatika, weka ya namba ileile. Ukiona risiva ya mtumba ambayo fyuzi yake imezungushiwa uzi wa waya, usiinunue, kwa sababu aliyefanya hivyo aliondoa mlinzi, na wewe hutajua kilichomfukuza.

Mahali pa kuikalisha

Dada alikuwa ameshaandaa kabati la kioo lenye mlango, na juu ya nafasi ya risiva ametandika kitambaa cha kufuma, cha rangi ya maziwa, alichokifuma mwenyewe. Juu ya kitambaa, chombo cha maua. Nilimwambia kwa upole, maana najua kazi iliyoingia kwenye kile kitambaa: dada, hiki chombo kinapumulia juu.

Risiva inatoa joto jingi. Yale matundu ya kwenye bati la juu ndiyo pua yake, na hewa ya moto inapanda kutoka pale. Ukiyafunika, hata kwa kitambaa chepesi, joto linabaki ndani, na kapasita, vile vikopo vya ndani vinavyotunza umeme, zinakauka miaka mingi kabla ya wakati wake. Iachie wazi angalau sentimita 15 juu na 10 kila upande. Usiweke king'amuzi juu yake. Usiiweke kwenye kabati lenye mlango, labda uung'oe mlango wenyewe. Na maji yasikae juu ya kitu cha umeme kwa namna yoyote, hata kama maua ni ya plastiki na chombo "hakina maji leo."

Tulikiweka kitambaa kwenye meza ya kahawa, kikaonekana na wageni vizuri zaidi.

Sisi wa mwambao tuna adui wengine wawili. Hewa ya chumvi inaotesha kutu ya kijani kwenye shaba, na mjusi anapenda joto la usiku. Mjusi akiingia kupitia matundu akakanyaga sehemu mbili za umeme kwa mpigo, anakufa yeye na saketi. Mlinzi wangu ni wavu laini wa mbu wa madirishani: kipande kimoja nyuma ya kabati pale nyaya zinapoingilia, mbali na bati la risiva ili hewa ipite. Usiubandike juu ya matundu yenyewe.

Spika: chukua muda hapa

Kazi yote ya nyaya inafanyika plagi ikiwa imechomolewa ukutani. Kuzima kwa rimoti hakutoshi.

Kwanza soma nyuma ya spika. Utaona alama ya Ω na namba: 4, 6 au 8. Huo ndio ukinzani, tunauita omu. Kisha soma nyuma ya risiva, pembeni mwa vishikio vya spika, utakuta kiwango inachokubali, kwa mfano 6 hadi 16. Spika yenye omu chache kuliko hapo inainyonya risiva mkondo mkubwa kuliko ilivyoumbiwa. Kama maandishi yamefutika, pima kwa mita: spika ya omu 8 husoma karibu 6, ya omu 4 husoma karibu 3 na ushee.

Sasa sikiliza hesabu hii. Spika mbili za omu 8 ukizifunga pamoja kwenye kishikio kimoja, chanya na chanya, hasi na hasi, risiva inaziona kama omu 4. Ukifunga nne, inaziona kama 2. Hivyo ndivyo zinavyoungua siku za harusi: mtu anatoa risiva ya sebuleni hadi barazani, anaunganisha spika kubwa za kukodi mbili mbili, anapandisha sauti. Kufika saa nne usiku, kimya. Risiva ya sebuleni haikuumbwa kwa shughuli ya mtaa. Kodi mashine ya shughuli.

Nyaya. Kwa spika za omu 8, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha hadi mita 10. Zaidi ya hapo, au spika za omu 4, nunua wa 2.5. Siku hizi kuna waya wa bei nafuu ambao ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, si shaba tupu. Unaweza kuutumia, ila chukua mnene zaidi.

Menya sentimita moja tu. Sokota nyuzi kwa vidole mpaka ziwe kamba moja, ingiza, kaza, kisha weka tochi ya simu utazame. Unatafuta uzi mmoja uliochomoza kama nywele. Uzi huo ukigusa kishikio cha jirani, au bati la nyuma, umefunga chanya na hasi pamoja. Risiva nyingi za kisasa zitajikinga: zinazima na kuandika PROTECT au kumulika taa nyekundu. Ukiona hivyo, chomoa plagi, rudi kwenye nyaya. Ubaya ninaouona ni mtu kuwasha tena, ikazima, akawasha tena, mara kumi. Kila unapowasha unaulazimisha mlango ambao chombo chenyewe kimeufunga kwa sababu.

Chanya iende kwa chanya, nyekundu kwa nyekundu. Ukigeuza spika moja haitaungua, lakini moja inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta, na bezi inapotea. Kama nyaya hazina rangi, chomoa waya upande wa risiva na ugusishe betri ndogo ya rimoti, ya volti 1.5, kwenye ncha mbili za waya kwa nukta moja. Koni ya spika ikitoka nje, ncha iliyo kwenye chanya ya betri ndiyo chanya. Ikiingia ndani, ni kinyume. Funga uzi mwekundu wa cherehani kwenye hiyo chanya, hutahangaika tena.

Na tafadhali, usifunge plagi ya ukutani mwishoni mwa waya wa spika kwa sababu yoyote ile. Kuna siku mtoto ataona plagi, ataona soketi.

Sabufa ikiwa na plagi yake ya umeme, ina amplifaya ndani. Inahitaji kebo moja nyembamba kutoka tundu la SUBWOOFER nyuma ya risiva. Sabufa isiyo na plagi haiwezi kufanya kazi kwenye tundu hilo, inahitaji amplifaya yake ya pembeni.

Kupanga spika kwa kamba ya katani

Hapa sihitaji vifaa vya Ulaya. Tuko Tanga, kamba ya mkonge ipo. Nilimkalisha dada kwenye kochi lake la kila siku, nikapima kwa kamba kutoka kichwani pake hadi spika ya kushoto, nikafunga fundo. Urefu huohuo ukaenda spika ya kulia. Urefu huohuo tena kati ya spika mbili. Ukipata pembetatu yenye pande sawa, kila spika imekaa nyuzi 30 kutoka mbele ya uso, ndipo panapotakiwa. Kwake ilikuwa mita 2 na nusu.

Spika ya kati ikae chini ya TV, uso wake ukiinuliwa kidogo kuelekea masikioni. Hiyo ndiyo inayobeba maneno. Mtu akiniambia filamu ina kelele lakini maneno hayasikiki, mara nyingi spika ya kati imesukumwa ndani ya rafu hadi nyuma. Ivute mpaka ukingoni.

Mbili za pembeni zikae ubavuni, nyuma kidogo ya masikio, na juu ya kichwa cha aliyeketi kama nusu mita hivi. Nyaya zake zipite ukutani juu au kando ya ukuta ndani ya mfereji wa plastiki. Usizipitishe chini ya zulia pale watu wanapokanyaga: ganda linachubuka, na siku moja shaba inagusa shaba.

Sabufa ndiyo inayosumbua. Bezi inajikusanya kwenye kona. Iweke kwanza juu ya kochi unapokaa, piga wimbo wenye bezi ya kutembea, kisha zunguka chumba ukiwa umeinama, sikio karibu na sakafu. Mahali utakapoisikia bezi ikiwa safi, isiyovuma, ndipo pa kuiweka.

Chumba cha dada kina marumaru chini na ukuta mtupu. Nilipopiga makofi, ukuta ukajibu. Tulitandika mkeka mkubwa wa ukindu na zulia dogo juu yake, akashusha pazia zito, na maneno ya mtangazaji yakakaa sawa papo hapo. Mkeka ule ulibadilisha sauti kuliko setingi yoyote niliyoigusa baadaye.

Kebo za picha na sauti

King'amuzi na kompyuta zinaingia HDMI IN za risiva. Kutoka HDMI OUT ya risiva, kebo moja inakwenda TV, kwenye tundu lililoandikwa ARC. Sio tundu lolote, ni hilo. ARC ndiyo inayorudisha sauti ya TV kwenye risiva kwa kebo ileile. Kisha nenda kwenye setingi za TV uwashe mawasiliano ya HDMI, ambayo Samsung wanayaita Anynet+, LG wanayaita Simplink na Sony wanayaita Bravia Sync, halafu sauti ichague kutokea kwenye risiva. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo TV ya kabla ya hapo haina. Kwa TV hiyo tumia kebo ya mwanga (OPTICAL), ukikumbuka kutoa vile vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha zake. Nimeitwa nyumba mbili kwa "risiva mbovu" ambayo kasoro yake ilikuwa kifuniko hicho.

Chomeka na kuchomoa HDMI vyombo vikiwa havina umeme. Kipande kinachoshughulikia HDMI ni chepesi kuumia, na kukibadilisha ni ghali. Mara nyingi unaambulia risiva iliyo nzima isiyotoa picha.

Maneno yakichelewa kuliko midomo, tafuta kwenye menyu kitu kinachoitwa Lip Sync au Audio Delay, ongeza au punguza mpaka vikutane.

Kuiwasha

Nilihesabu tena nyaya zote, nikashusha sauti hadi chini kabisa, ndipo nikachomeka plagi. Washa TV kwanza, kisha risiva. Subiri. Ndani yake kuna kidude kinachofunga spika kwa nukta chache mpaka umeme utulie, utasikia "tak." Ndiyo salamu yake. Baada ya hapo pandisha sauti polepole huku mkono mmoja ukiwa karibu na swichi ya ukutani, na pua yako ikifanya kazi. Harufu ya plastiki au ya samaki aliyeungua maana yake zima ukutani, hapohapo, bila kutafuta rimoti.

Nusu saa ya kwanza usiondoke chumbani. Gusa bati la juu: uvuguvugu ni sawa, moto wa kukufanya uondoe mkono si sawa. Gusa pia plagi na transfoma.

Sasa kipimo cha chumba. Risiva nyingi zinakuja na kipaza sauti kidogo cha kupimia. Yamaha wanaita kazi hiyo YPAO, Denon na Marantz nyingi zinatumia Audyssey, Pioneer MCACC. Kipaza kikae mahali pa kichwa chako, usawa wa masikio, juu ya kigoda au rundo la vitabu. Usikishike mkononi. Zima feni, zima friji kama iko karibu, watoto watoke. Tulisubiri adhana ya adhuhuri imalizike, ndipo nikabonyeza.

Ikimaliza, kagua ilichoandika. Ikiita spika zako ndogo LARGE, zibadilishe ziwe SMALL na kata bezi kwenye Hezi 80 (menyu inaita Crossover), ili mzigo mzito uende kwenye sabufa. Spika ndogo zitapumua, na risiva pia. Umbali wa sabufa ukisomeka mrefu kuliko kamba yako, uache. Risiva imehesabu ucheleweshaji wa saketi ya ndani ya sabufa.

Sauti kiasi gani

Namba za kwenye kioo mara nyingi ni desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, zenye alama ya kutoa: -40 ni chini, 0 ni juu sana. Ukitoka -30 kwenda -20, sikio linaona kama sauti imekuwa mara mbili, lakini amplifaya inadaiwa nguvu mara kumi. Ndiyo maana mwisho wa kipimo unafika ghafla. Sauti ikianza kukwaruza, amplifaya imeishiwa, na mawimbi inayotoa yamekatwa vichwa. Hayo ndiyo yanayounguza twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Wengi wanadhani spika imeungua kwa kuwa risiva ina nguvu nyingi. Kwenye twita ninazozibadilisha, mara nyingi risiva ilikuwa ndogo na imesukumwa.

Masikio nayo hayana spea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto 75. Programu ya simu ya kupima sauti haiko sawa kabisa, ila inatosha kukuamsha. Na bezi inapita ukuta wa tofali kana kwamba haupo. Baada ya saa tatu usiku washa Night Mode au Dynamic Range: inashusha milipuko, inainua maneno. Jirani wa dada ana mtoto mchanga, tulikwenda mapema kumuuliza anasikia nini.

Umeme unapokatika

Ukikatika, chomoa au zima ukutani. Unaporudi huja na mtikisiko, na mtikisiko ule ndio unaoleta wateja mezani kwangu asubuhi yake. Subiri dakika tano. Kifaa cha kulinda TV, kile kinachosubiri chenyewe kabla ya kuruhusu umeme, ni pesa ndogo ukilinganisha. Kiweke kabla ya transfoma.

Usifungue bati, hata plagi ikiwa nje. Kapasita kubwa za ndani zinatunza umeme baada ya kuchomoa, na katika baadhi ya vyombo ni wa kuua.

Masika radi inapoanza, chomoa vitu viwili: plagi ya ukutani na kebo ya dishi. Watu wanakumbuka ya kwanza na kusahau ya pili, nayo radi inashuka na dishi, inapita king'amuzi, inavuka HDMI, inamaliza risiva iliyochomolewa umeme. Kwa dada nilifunga utepe mwekundu kwenye zote mbili, nikaandika kwa kalamu nzito, "Radi: hii, na hii." Binti anayemsaidia kazi alinisomea kwa sauti, kisha akazichomoa mwenyewe mara mbili nikimtazama.